Bega la barabara sio njia ya baiskeli, Mtwara tunayo nafasi tutengewe yetu

Mhariri, salaam nyingi na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na nikiwa mrefu univumilie tu maana hili jambo la njia ya baiskeli na miguu nimekaa nalo muda, kila nikisema basi niliache linanirudia.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Kijiwe changu kiko chini ya mwembe kando ya barabara inayotoka mjini kwenda Mikindani, nina pampu, beseni la maji la kutafutia pancha, kopo la spana na spoku, basi. Kazi hii nimeifanya miaka 19 na fundi akikaa sana na baiskeli anaanza kuzisoma, ikiletwa hapa inayumba naweza kukwambia imepatwa na nini kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Rimu ikiwa imebonyea sehemu moja tu kama imepigwa nyundo, huyo alishushwa kwenye lami akapanda tena kwa nguvu, kwa sababu ukingo wa lami umeliwa na mvua umeacha ngazi, sehemu nyingine vidole vinne, sehemu nyingine unaingia mkono mzima. Pedeli ya kulia ikiwa imekunjwa kwa ndani na upande wa kushoto hauna hata mkwaruzo, huyo amepitiwa na gari kutokea nyuma, maana sisi huku tunaenda kushoto kwa hiyo balaa lote linakuja upande wa kulia. Zamani nilikuwa naziba pancha kutwa nzima, siku hizi nanyoosha vyuma.

Shemeji yangu, mume wa dada, anachuuza samaki. Alfajiri saa kumi na moja na nusu yuko feri anasubiri mzigo wa watu wa Msangamkuu, akishapata anafunga tenga kwenye keria anakwenda nao hadi Naliendele, anauza njiani mtaa kwa mtaa na saa nne awe amemaliza maana samaki na jua la huku haviwezi kukaa pamoja. Mwezi wa pili mwaka huu alipitiwa na semitrela. Halikumgonga uso kwa uso, lilikuwa linapishana na lori lingine likabana kushoto, ubavu wa trela ukagusa mkono wa usukani. Kugusa tu. Dereva hakusimama na siwezi kusema kama hata alijua. Vijana wa bodaboda ndio waliombeba wakamkimbiza hospitali, akalazwa wiki saba, mguu wa kulia umewekewa vyuma.

Baiskeli waliniletea mimi. Ni Phoenix ya siku nyingi, fremu nyeusi, keria ya nondo nilimchomeshea mwenyewe. Usukani umesokotwa unaangalia nyuma, pedeli ya kulia imeingia ndani mpaka imegusa fremu, spoku 11 zimekatika, na ndani ya tenga wamebaki samaki wawili aina ya changu wamejaa mchanga. Kengele iko upande wa kushoto, nikaipiga ikalia kama kawaida. Nikaiegesha kwenye mwembe, siku mbili sikuishika. Dada yangu ana watoto wanne na unga wa nyumba ile ulikuwa unaingia kwa baiskeli ile.

Sasa watu wakisikia habari kama hii wanasemaje, wanasema kosa la mwenye baiskeli, anang'ang'ania lami ya nini wakati pembeni kuna nafasi. Hili nalisikia kila siku na mara nyingi anayelisema yuko ndani ya gari. Mi nasema njoo na baiskeli yenye mzigo, sio ya kutembelea, shuka pembeni uone. Udongo wa Mtwara ni mchanga. Ukishuka lami tairi la mbele linazama, usukani unakukatalia, unateremka unaanza kusukuma, na kusukuma kilo 60 kwenye mchanga saa nne asubuhi hiyo sio kazi ya binadamu. Kwa hiyo watu hawapandi lami kwa kiburi, wanapanda kwa sababu ndio mahali pekee tairi linazunguka. Na wa miguu ni hivyohivyo, mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani anapita pale kwenye mstari mweupe kwa sababu chini kuna majani na mashimo, semitrela likipita upepo wake tu unamyumbisha, anashika ndoo kwa mikono miwili na khanga inabaki inapepea. Nimeona hivyo mara nyingi mpaka nimezoea, na kuzoea kwenyewe ndio kunaniudhi.

Niliwahi kwenda ofisi moja kuuliza habari ya njia ya baiskeli. Nikajibiwa kwa upole tu kwamba barabara ina mabega, yaani ule ukanda wa pembeni nje ya mstari mweupe, na mabega ndiyo ya watembea kwa miguu na baiskeli. Nilitoka pale sina la kusema, ila toka siku hiyo nikaanza kuangalia bega linafanya kazi gani kwa siku. Asubuhi bajaji zinapaki hapo zinasubiri abiria. Daladala inashusha hapo. Lori likipata pancha linasimama hapo na matawi ya miti yanawekwa nyuma yake kama alama. Muuza machungwa yuko hapo. Magari mawili makubwa yakipishana hapo ndio pa kukwepea. Halafu katikati ya yote hayo ndio mtoto wa darasa la pili apite kwenda shule. Bega ni la gari lililokwama na gari linalokwepa, ndivyo lilivyotengenezwa, na mstari wa rangi nyeupe hauwezi kuzuia trela lenye tani 30 za saruji. Njia ni ile iliyotengwa na magari kwa kitu kinachoshikika, kingo za zege, mtaro, miti, chochote ambacho dereva akikigusa anajua amegusa.

Na sisi Mtwara hatuna kisingizio cha nafasi. Mji huu Waingereza waliuchora baada ya vita vya pili kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga ulioanza 1947, wakajenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, wakapima barabara pana za mji mkubwa ambao walidhani unakuja. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa 1951, reli nayo iling'olewa tumebaki na jina la kata ya Reli. Lakini upana wa barabara ulibaki. Mgeni akitoka Dar akifika mitaa ya Shangani na Ligula anashangaa mbona mji umeachia nafasi hivi. Miji mingine inatafuta mita mbili za njia inabidi ibomoe nyumba, sisi mita mbili ziko pale zinaota magugu.

Huko nje ya mji wa zamani ndio nafasi inazidi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ndio maana tukachorewa X, alama ya kubomoa. Mi mwenyewe kibanda changu cha kwanza kilichorwa X nikakisogeza nyuma kwa mkono wangu, sikugombana na mtu, nikasema barabara ni ya wote. Ila nauliza kwa nia njema kabisa, kama tulisogea kupisha barabara na lami yenyewe na mabega yake nikiipima kwa futi kamba yangu haifiki hata mita 12, ile sehemu tuliyotoka mbona hadi leo ni mchanga na majani? Tupeni kipande kidogo tu cha hiyo hifadhi tupite.

Mji umebadilika jamani. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 108,299, toka hapo viwanja vimepimwa huko pembeni, vijana wanajenga Naliendele, wanajenga njia ya Mikindani, stendi ya mabasi iko Mkanaledi, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mitengo. Zamani mtu alitoka Chikongola akaenda sokoni akaenda Ligula akarudi, yote kwa miguu ndani ya mitaa ambayo gari ni moja moja. Saa hizi kila kitu kiko mbali na njia ya kufika ni ile barabara moja kubwa ambayo ndiyo hiyohiyo ya malori ya saruji, malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokwenda bandarini, na ukifika mwezi wa kumi minada ya korosho ikifunguliwa ndio usiseme, usiku na mchana yanapita. Nafurahia korosho kama mtu yeyote wa kusini, msimu ukiwa mzuri hata mimi napata, watu wanakuja kununua tairi mpya mbilimbili. Ila msimu huohuo ndio watoto wako shule na jua linawahi kuchomoza wanatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu.

Nataka niseme njia tunayoiomba ikoje, maana nimegundua ukiomba kwa ujumla unapewa rangi. Usukani wa baiskeli kama ya shemeji ni kama sentimita 60, ukifunga matenga mawili au madumu mawili ya lita 20 huku na huku mzigo unafika mita moja. Kwa hiyo njia ya baiskeli ya kwenda upande mmoja isipungue mita mbili ili wa haraka ampite wa mzigo, na kama ni ya kwenda na kurudi upande mmoja wa barabara iwe mita tatu. Ya miguu iwe peke yake, isipungue mita 1.8, hapo viti viwili vya magurudumu vinapishana bila mmoja kushuka. Wakichanganya miguu na baiskeli kwenye mita moja na nusu tutaanza kugongana wenyewe kwa wenyewe na mzee akivunjwa na baiskeli mkono wake unauma vilevile.

Halafu njia iinuliwe. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mchanga wetu, ukijenga njia sawasawa na ardhi mvua ya kwanza ya mwezi wa 12 inaifukia yote, ikifika mwezi wa nne huioni ilipo. Iinuliwe, iwe na kingo pande zote, maji yawe na pa kwenda. Mitaro ifunikwe, na ile mifuniko ya nondo naomba sana nondo zilale kukata njia, zisilale kufuata njia, maana nondo zikifuata njia tairi linaingia katikati yake mzima mzima, nimeshapokea uma za mbele zilizovunjika kwa sababu ya mfuniko tu.

Kuna habari ya pevingi pia. Wengi wanazipenda zinapendeza, na za miguu nakubali, zikibomoka unang'oa unapanga tena na vijana wetu wanazifyatua hapahapa wanapata hela. Kwa baiskeli hapana. Zinatingisha, mwenye mzigo akipita mwezi mzima anakuja kwangu spoku zimelegea zote, na watu wakiona njia inatingisha wanarudi kwenye lami halafu mnasema hawataki njia mliyowajengea. Baiskeli iwekewe lami laini au zege iliyosawazishwa vizuri.

Kwenye vituo vya daladala njia ya baiskeli ipite nyuma ya kituo, sio mbele, ili abiria anayeshuka asitue kwenye tairi. Na pale mtaa unapoingia barabara kubwa njia iendelee juu kwa juu bila kukatika, gari ndio lipande kidogo litoke, likipanda linapunguza mwendo lenyewe bila trafiki. Mara nyingi nimeona huko kwenye picha za miji njia nzuri ya kilomita nzima lakini kila mtaa inakatika inashuka inapotea, na ajali nyingi zinatokea palepale inapokatika kwa sababu gari linalokata kona halikutegemei.

Na kivuli. Watu wa michoro kivuli wanakiona pambo, ila huku kwetu saa saba mchana mwezi wa 11 lami inaunguza mguu ukiwa umevaa kandambili. Pandeni miarobaini katikati ya njia na barabara, inavumilia ukame, na ikikua ndiyo ukuta wenyewe wa kututenga na malori. Mtu anakubali kutembea kilomita tatu kwenye kivuli, kwenye jua anatafuta bodaboda hata kama hela ya bodaboda ndio ilikuwa ya mboga.

Kuna sehemu moja njia haiwezi kupata nafasi, nakiri, nayo ni Mikindani yenyewe pale barabara inapopita kati ya bahari na majumba ya zamani. Mji ule ni wa miaka mingi, Livingstone mwaka 1866 aliingilia hapo kwenda bara safari ambayo hakurudi, huwezi kubomoa ukuta wa mawe upitishe baiskeli na sitaki kabisa ubomolewe. Pale dawa ni mwendo. Gari lipite kilomita 30 kwa saa, kuwe na matuta ya maana na zebra zilizoinuliwa, dereva ajue ameingia kwenye makazi ya watu, kuna wanaovua, watoto wanaookota chaza, wageni wanaopiga picha. Ikibidi lori lisubiri lisubiri.

Mwendo sio kitu cha kupuuza hata kidogo. Sheria inasema kilomita 50 kwenye makazi na wangapi wanaifuata ukiondoa pale trafiki alipo. Shirika la Afya Duniani, hili nililisoma mwenyewe, wanasema hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na uso wa gari inapanda mara nne na nusu gari likitoka kilomita 50 hadi 65. Yaani kilomita 15 tu, ambazo dereva hata hazisikii mguuni. Wanasema pia ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sio malaria, sio ukimwi, barabara.

Kwa hiyo kama hela ni kidogo na lazima kuanza mahali, tuanze kwenye shule. Na hapa hatuhitaji mtaalamu kutoka mbali, hapohapo Dar kuna mradi unaitwa SARSAI uliofanywa na shirika la Amend, unatengeneza mazingira ya barabara kuzunguka shule za msingi, na mwaka 2019 ulishinda tuzo kubwa ya dunia ya miji inayotolewa na WRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti. Walichofanya hakina maajabu, matuta, zebra, vinguzo vya kuzuia gari lisipande njia ya miguu, njia yenyewe ya miguu, na shule nyingine walihamisha geti tu lisitazamane na barabara. Kuhamisha geti! Hiyo ni kazi ya fundi mwashi siku tatu. Mtwara tuna shule ngapi ambazo kengele ikilia watoto wanamwagika moja kwa moja kwenye lami?

Dar hiyohiyo inatufundisha na upande wa pili. Barabara ya Morogoro ilipojengwa ya mwendokasi, mabasi yakaanza 2016, waliweka njia za miguu na za baiskeli vizuri tu, nimepita nimeziona. Sasa nenda leo, bodaboda zinapita humo zikikwepa foleni, meza za biashara zimo, magari yamepaki. Siwalaumu wafanyabiashara maana na mimi ni mtu wa kijiwe, mtu anaweka meza pale watu wanapopita. Ila hilo linatakiwa lichorwe toka mwanzo, tengeni sehemu za meza pembeni ya njia kila baada ya mita kadhaa, wekeni vinguzo mwanzo wa njia vinavyopitisha baiskeli na kiti cha magurudumu lakini bajaji haipiti. Mkiiacha wazi itajaa, hata hapa Mtwara itajaa, mwezi mmoja tu.

Wapo watakaosema baiskeli zimepitwa, watu wamehamia bodaboda. Nawajibu kama mtu ninayekaa nazo. Hapa kijiweni inaning'inia baiskeli ya mtoto, nyekundu, ina nyuzi za rangi kwenye usukani, toka mwezi wa tatu iko kwenye tawi. Baba yake aliileta sio kwa sababu mbovu, aliileta kwa sababu kijana wake wa darasa la sita alikoswakoswa na fuso anaenda tuisheni, akaniambia fundi kaa nayo, akija kuiomba usimpe. Mtoto amekuja mara mbili. Nampa pampu ajaze upepo matairi halafu anaiacha. Sasa ukija kuhesabu utasema baiskeli zimepungua Mtwara, kweli zimepungua, watu wameziweka juu ya miti kwa woga. Wakina mama na wasichana ndio kabisa, wanaojua kuendesha ni wengi kuliko unavyowaona barabarani, wanaendesha mitaa ya ndani tu wakifika barabara kubwa wanashuka.

Nilisoma kuhusu Uholanzi ambako sasa hivi kila mtu anaisifia kwa baiskeli. Mwaka 1971 walikufa barabarani watu kama 3,300 kwa mwaka mmoja, zaidi ya 400 ni watoto, wazazi wakatoka barabarani kuandamana wakisema acheni kuua watoto, ndio serikali ikaanza kubadilisha michoro. Nao walikuwa wameshaambiwa zama za baiskeli zimekwisha.

Kuhusu hela, najua TANROADS wana barabara zao kuu na za mikoa, na TARURA wana zao za mijini na vijijini toka walipoanzishwa 2017, na najua Mfuko wa Barabara unatokana na tozo ya mafuta na kila mkoa unavuta shuka kwake. Lakini ukingo wa lami lazima utengenezwe, hilo halina mjadala, umeliwa. Greda likiwa limeshafika saiti, kompakta ipo, kifusi kimemwagwa, kuchonga njia pembeni yake wakati huohuo sio sawa na kuja kuanza upya baada ya miaka mitano. Na mradi wa TACTIC, ule wa serikali wa kuboresha miji, unaogusa miji 45 nchini, njia ziingizwe kwenye mchoro wa kila barabara ya mji kabla ya mkataba, sio mkandarasi ameshaondoka ndio tuombe. Nairobi mwaka 2015 walipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya miguu na baiskeli. Wametekeleza kiasi gani ni jambo lao, lakini namba imeandikwa na mwananchi wa kule anaweza kuiulizia. Sisi tuulizie nini?

Kabla ya kuchora kuna kitu kimoja cha bei rahisi, hesabuni miguu. Nimeona mara kadhaa vijana wamekaa kwenye viti na fomu wanahesabu magari, lori ngapi, basi ngapi, pikipiki ngapi. Anayepita na ndoo kichwani hahesabiwi. Wakae tena, wahesabu watu na baiskeli, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni, Ijumaa watu wakitoka msikitini, siku ya mechi watu wakitoka uwanja wa Nangwanda Sijaona, na mwezi wa kumi msimu ukianza. Waangalie pia vijia. Ukitembea pembeni ya barabara kubwa yoyote hapa utakuta kijia kimekanyagwa kwenye majani, chembamba, kinapinda kwenye kila mti kufuata kivuli, kinakata kona pale mtaro ulipovunjika. Ule ndio mchoro, watu wameshauchora kwa nyayo zao miaka mingi, injinia akiufuata hatakosea sana.

Naomba basi madiwani wetu na wahandisi, kabla ya mchoro wowote kupitishwa ubandikwe ofisi za kata na uletwe kwenye mikutano ya mitaa, tuuone na sisi, wachuuzi wa samaki, mama ntilie, watu wa magongo na viti vya magurudumu, walimu wa shule zilizoko barabarani. Na siku ya kupima mkija huku njia ya Mikindani nitafunga kazi nitembee na nyie, najua ngazi ya lami ilipo kubwa kuliko zote na najua mfuniko unaokula matairi uko wapi.

Shemeji ameanza kutembea na fimbo. Phoenix yake nimeimaliza wiki iliyopita, rimu mpya, spoku zote, pedeli mpya, usukani nimenyoosha ule wa zamani kwa sababu aliukataa mwingine. Dada kaja kuiangalia, kaishika, kasema iendelee kukaa hapa kijiweni kwanza mpaka ajue mumewe atapita nayo wapi.

Fundi baiskeli,
Mtwara Mikindani